Tiketi ya ndege au ufunguo wa ukumbi: Wafini wa ughaibuni na asili yao

Kuanzia miaka ya 1860 hadi miaka ya 1920, Wafini zaidi ya 300,000 waliondoka kwao kwenda Amerika Kaskazini. Wengi walitoka Pohjanmaa, eneo la magharibi mwa nchi ambako ardhi haikuwatosha tena watoto wote wa nyumba moja. Wakaenda kuchimba shaba Michigan, chuma Minnesota, na kukata magogo Ontario. Mwaka 1924 Marekani ikabana mlango wa uhamiaji na mkondo ule ukakauka. Leo vitukuu vyao wana swali ambalo wazee hawakuwa na haja ya kujiuliza: mtu ambaye hakuzaliwa Ufini, hazungumzi Kifini, na pengine bibi yake mwenyewe hakuwahi kufika Helsinki, anaushikaje Ufini wake?

Majibu mawili yanashindana. Wapo wanaosema weka akiba, panda ndege, nenda. Na ukirudi, anza kuweka akiba tena. Utamaduni uko kwa wenyewe, na asiyekwenda kuuona anabaki na hadithi za marehemu. Wengine wanajibu kwamba wenye nauli ni wachache, na hata hao hukaa wiki mbili tu. Sehemu yote ya mwaka iliyobaki, Ufini wao ni ule wanaoujenga wenyewe kwenye kumbi, makanisa na matamasha ya miji midogo ya Marekani na Kanada. Familia za Kitanzania na Kikenya zinazolea watoto Ulaya zinayajua mabishano haya. Tofauti ni kwamba Wafini wameyaishi kwa vizazi vinne au vitano, na kwao matunda ya kila njia yameshaonekana.

Safari ina faida moja ambayo hakuna sherehe inayoweza kuifidia: inavunja picha ya zamani. Mtoto aliyekulia Michigan akisikia habari za babu aliyeondoka na sanduku la mbao hujenga kichwani nchi ya wakulima maskini wacha Mungu. Akishuka Helsinki anakuta jiji ambalo karibu mtu mmoja kati ya watano ana lugha ya mama isiyo Kifini wala Kiswidi, lugha mbili rasmi za nchi. Anakuta nchi iliyopata uhuru mwaka 1917, ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka uliofuata, kisha ikapigana na Urusi ya Kisovieti mara mbili kati ya 1939 na 1944. Hayo hayamo katika hadithi za nyumbani kwa sababu aliyezisimulia alikuwa ameshaondoka.

Akibahatika kuwa na ndugu wenye nyumba ya kando ya ziwa, anavuna zaidi. Nchi hii ya watu milioni 5.6 ina nyumba za mapumziko zaidi ya 500,000, na wakati wa Juhannus, sikukuu ya kiangazi mwishoni mwa Juni, mitaa ya mijini hubaki mitupu. Kwenye nyumba hizo mgeni hapewi nafasi ya kuwa mgeni kwa muda mrefu. Kuna kuni za kupasua, maji ya kuchota ziwani, matawi mabichi ya kufunga kwa ajili ya kujipigia mwilini ndani ya sauna, na sauna yenyewe ya kuwasha mapema ili mawe yapate moto sawasawa. Kiangazi kikisonga, familia huingia msituni kuchuma matunda ya mwituni, jambo linaloruhusiwa kwa kila mtu hata kama msitu si wake. UNESCO iliuingiza utamaduni wa sauna wa Ufini katika orodha yake mwaka 2020. Lakini mambo yanayoufanya uwe utamaduni, kama vile nani anaingia na nani, lini mtu anyamaze, lini amwagie mawe maji, mtu huyapata kwa kukaa na watu wanaoyafanya bila kuyafikiria.

Sasa tuseme na udhaifu wake, maana wapenda safari huupitia haraka. Wengi huenda Julai. Anayekwenda kila Julai anaifahamu nchi isiyo na giza, ilhali Utsjoki, kaskazini kabisa, jua halichomozi kwa takriban wiki saba za majira ya baridi, na tabia nyingi za Wafini zimefinyangwa na kiza hicho. Tena Wafini wengi wanajua Kiingereza vizuri na ni wakarimu wa kukitumia, kwa hiyo mgeni huweza kumaliza likizo nzima bila kulazimika kuunda sentensi moja ya Kifini. Halafu kuna suala la undugu. Safari ya kwanza ina msisimko wa kitabu cha kanisa, kaburi la babu, kahawa na albamu za picha. Safari ya pili, binamu wa mbali wanakaa mezani na mazungumzo yanawaishia, kwa sababu jambo pekee walilokuwa nalo kwa pamoja lilikwisha safari iliyopita.

Kama ziara za mara kwa mara zingetosha, mfano wa Uswidi ungethibitisha. Nchi za Nordi zilifungua soko la pamoja la ajira mwaka 1954, na Wafini wakamiminika kwenye viwanda vya Uswidi. Mwaka 1970 peke yake walihamia zaidi ya 40,000. Hawa hawakutenganishwa na kwao na bahari kuu. Meli huondoka Stockholm jioni na asubuhi zinatia nanga Turku au Helsinki. Kila kiangazi magari yaliyojaa watoto na mizigo yalipanda meli hizo kwenda kwa bibi. Hata hivyo watoto wengi wa kizazi cha pili waliwajibu wazazi wao kwa Kiswidi, na wa kizazi cha tatu hawakuwa na Kifini cha kujibu kabisa. Wiki nne za kwa bibi hazikuweza kushindana na wiki zote nyingine za shule ambako Kifini kilikuwa lugha ya kuonewa haya, na mahali pengine watoto walikatazwa kukizungumza.

Kilichoanza kubadili hali ni mambo ya kila siku ya papo hapo Uswidi. Mwaka 2000 nchi hiyo iliwatambua Wafini wake kuwa mojawapo ya jamii tano za wachache wa kitaifa, na sheria iliyoanza kutumika 2010 ikazibana halmashauri kadhaa zitoe malezi ya watoto wadogo na huduma za wazee kwa Kifini. Mzee anayepoteza kumbukumbu na kurudia lugha ya utotoni sasa ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayemwelewa. Sijui hoja yenye uzito kuliko hiyo kwa upande wa wanaosema utamaduni hutunzwa pale mtu anapoishi.

Upande huo una ushahidi wake Amerika pia. Mji wa Hancock, Michigan, wenye majina ya mitaa kwa Kiingereza na Kifini, huadhimisha Heikinpäivä, yaani siku ya Heikki, kila Januari: gwaride, soko, mashindano ya kukimbia huku mwanamume amembeba mkewe, na wenye moyo wanaoruka ndani ya maji ya barafu. Msingi wake ni kalenda ya zamani ya wakulima wa Kifini, ambao walisema siku ya Heikki dubu hugeuka ubavu katika usingizi wake na nusu ya baridi imekwisha. Ila tamasha lenyewe lilianzishwa Hancock mwaka 1999. Vivyo hivyo Mtakatifu Urho, anayedaiwa kufukuza panzi waliovamia mizabibu ya Ufini, alibuniwa Minnesota katika miaka ya 1950. Nchini Ufini hakuna aliyemheshimu kama mtakatifu, na mizabibu yenyewe ni ya kutafuta kwa taa. Tena kuna FinnFest, tamasha kubwa lililoanza 1983 Minneapolis na kuzunguka miji mbalimbali kwa miaka mingi kabla ya kutua Duluth mwaka 2023.

Wakosoaji huona hapa ushahidi kwamba sherehe zimeacha njia. Siwaungi mkono moja kwa moja. Kila sikukuu ilianzishwa na watu fulani mahali fulani, na mtoto wa Hancock aliyeshiriki Heikinpäivä tangu akiwa mgongoni mwa mama yake ana kumbukumbu ya kweli, ya baridi ya kweli, na ya mkate mtamu wenye iliki ambao msomaji wa pwani angeutambua kwa harufu tu. Anachokipokea ni utamaduni wa Wafini wa Amerika, nao una historia yake ya migodi, migomo, vyama vya ushirika na kumbi za kujiepusha na pombe ambazo Helsinki haikuzipitia kwa namna ile.

Hofu yangu kuhusu sherehe ni nyingine. Ni rahisi kuihudhuria bila kudaiwa chochote. Unafika, unakula, unanunua fulana, unasikiliza fidla, unaondoka. Hotuba zote ni za Kiingereza. Jikoni wako watu walewale wa mwaka jana, wamezeeka kwa mwaka mmoja zaidi.

Na kumbi huanguka. Thunder Bay, Ontario, wafanyakazi wa Kifini walijenga jumba lao mwaka 1910, na mwaka 1918 wakafungua chini yake mgahawa wa Hoito ili wakata magogo wapate chakula cha bei nafuu. Karne nzima watu walikuja kula chapati nyembamba za Kifini pale, wengi wao wasio Wafini. Lakini mgahawa kujaa wateja ni jambo moja, na chama kuwa na wanachama wa kubeba mzigo ni jambo jingine. Chama kilichomiliki jumba kilielemewa na madeni na kufilisiwa mwaka 2020. Jumba likauzwa, na Desemba 2021 likateketea kwa moto. Hancock nako, chuo kikuu kilichoanzishwa na Wafini wa Kilutheri mwaka 1896 kilitangaza kufungwa mwaka 2023.

Kwa hiyo nikipima pande zote mbili, naona swali la safari au sherehe linakosa kugusa kinachoamua, nacho ni kazi. Wafini wana desturi ya talkoot, ambayo Mtanzania wa Tanga au Kilimanjaro ataiita msaragambo: jirani wanakusanyika kupaua nyumba au kusafisha uwanja, mwenye kazi anatoa chakula, hakuna anayelipwa. Safari iliyomfunza mtu ni ile aliyopewa shoka na ndoo. Sherehe iliyomlea mtu ni ile aliyoamshwa alfajiri kukanda unga. Kambi ya lugha ya Salolampi, katika misitu ya Minnesota tangu 1978, inafanikiwa kwa sababu hiyo hiyo: watoto wanaishi kwa Kifini kutwa nzima, hadi kuomba chumvi mezani. Shule za Kifini zaidi ya 100 zilizotapakaa duniani, nyingi zikiendeshwa na wazazi kwa saa chache kwa wiki, zinasimama pale wazazi wanapojitolea, na wakichoka zinafungwa.

Hata asiye na damu ya Kifini huingia kwa mlango huo. Arnold Chiwalala, msanii Mtanzania anayeishi Ufini, aliishika kantele, ala ya nyuzi ya kitaifa, akaioanisha na ngoma, na mwaka 2009 akapata udaktari katika Chuo cha Sibelius kilichopo Helsinki. Ameijua kantele kuliko maelfu ya vitukuu vya Pohjanmaa, kwa kuwa aliifanyia kazi miaka na miaka.

Sheria ya Ufini yenyewe inagusia jambo hili. Tangu Juni 2003 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini kijana aliyekulia nje akiwa na uraia mwingine huupoteza ule wa Ufini akifika miaka 22 iwapo hana uhusiano wa kutosha na nchi. Kukaa huko kwa miaka inayotakiwa huhesabiwa, na kutumikia jeshi huhesabiwa. Kuomba pasipoti kwa wakati nako kunatosha, na hapo naona sheria imekuwa pole mno kwa jambo linaloitwa uhusiano.

Chuo cha Hancock kilipofungwa, Wakfu wa Finlandia, shirika la Wafini wa Amerika lililoanzishwa California mwaka 1953, ulichangisha fedha na kukinunua kituo cha urithi kilichokuwa chini ya chuo hicho pamoja na hifadhi ya nyaraka. Humo zimo kumbukumbu za makanisa, barua na magazeti ya wahamiaji, sehemu kubwa kwa Kifini, na wanaoweza kuyasoma miongoni mwa vitukuu wanazidi kupungua. Kifini cha kusomea barua hizo hakipatikani kwenye gwaride la Januari, wala kwenye likizo ya wiki mbili. Fedha za kumpeleka mtu akakisome nazo hazitatoka kwa watalii. Zitatoka kwa watu waliozoea kuchangishana ukumbini. Kama ningekuwa na kura katika chama chochote cha Wafini wa Amerika, ningeomba bajeti ianzie hapo: kijana mmoja apelekwe Ufini mwaka mzima, majira ya baridi yakiwemo, afanye kazi na asome, kisha arudi atumikie miaka miwili katika hifadhi ile akizisoma barua na kuwasomea wengine.