Sikushika Kisu

Kwanza kabisa: sikushika kisu. Naanza na hilo kwa sababu mwenza wangu wa umisionari ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye kundi letu, na mpaka jana jioni wamisionari wa Jinja walikuwa wananiuliza eti ni kweli nilianza kunoa. Sikunoa. Kisu chenyewe hata sikukiomba. Nilitoa ushauri tu, na ushauri wenyewe kitaalamu haukuwa na kasoro, ukiacha mambo ya nani alikuwa anazungumziwa.

Leo Jumatatu, siku yetu ya maandalizi. Ndiyo siku ya kufua, kununua nyanya na kupiga simu nyumbani. Nimempigia mama, na kabla sijamaliza shikamoo alikuwa anacheka mpaka simu ikamdondoka. Chanika, Dar es Salaam! Habari imevuka mpaka na kunitangulia kwa mama yangu mzazi. Basi bora niisimulie mwenyewe, angalau muisikie bila chumvi.

Miezi minane nilikuwa Kampala. Wiki mbili zilizopita ukaja uhamisho, nikaletwa huku njia ya Lwakhakha, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mahali ambapo ukipiga chafya Kenya wanakuombea afya. Sababu niliyopewa ilinipendeza sana: huku Kiswahili kinaeleweka. Aliyekaa Kampala atanielewa. Kule ukimwambia mtu "habari za asubuhi" anakuangalia kwanza kiunoni kama una bunduki, maana kwa miaka mingi Kiswahili walikisikia kwa askari. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kutangazwa na mtu yule hakukukisaidia. Mwaka 2005 Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili, ila makonda wa Kampala ni kama hawajapelekewa barua. Mimi ndiye niliyekaa kanisani nikasikia "tusabe", nikajiuliza tunahesabu nini hadi saba, kumbe wanasema tuombe.

Kwa hiyo mtoto wa Chanika kuambiwa anapelekwa kwenye Kiswahili, niliingia kijijini kifua mbele. Mwenza wangu, kijana wa Kitale, Mbukusu, akaanza kunipa maelekezo njiani: salamu ni "mulembe", ukikaribishwa malewa usikatae, njia ya mtoni inateleza. Nikamkatisha. Nikamwambia, "Kaka, lugha niachie mimi."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Yamo kwenye ile sauti, dakika ya kwanza.

Mengine ya huku nitayapitisha haraka. Tope jekundu limeshakula shati langu moja jeupe. Kahawa imeota mpaka dirishani petu, kahawa ya Bugisu inayosifiwa hadi ng'ambo, na mimi Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa letu, haliniruhusu hata kikombe kimoja, wala chai, kwa hiyo kila nyumba nakunywa uji kama mtoto wa chekechea. Jina la kanisa letu nalo linajulikana kwa urefu, na tangu 2018 tumeombwa tulitaje lote badala ya kusema Wamormoni. Ukimaliza kusema Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mbwa ameshafika. Halafu cheo chetu kwa Kiswahili ni "Mzee". Nina miaka ishirini. Siku ya kwanza babu mmoja aliniuliza, "Mzee wa nini, na ndevu huna?" Mwenza akacheka peke yake. Nilipaswa kujua kuanzia hapo ni mtu wa aina gani.

Sasa Alhamisi jioni.

Tulialikwa chakula kwenye familia moja ya waumini. Baba na mama wa makamo, watoto watano, nyumba ya udongo iliyosiribwa vizuri, taa ya sola imening'inia juu ya meza. Nyuma ya kiti nilichokaa kulikuwa na pazia la kanga likigawanya chumba. Lile pazia likumbukeni. Tukaletewa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa na karanga mpaka mchuzi ukawa mzito. Mwenza aliinamia sahani kama mtu aliyeona barua kutoka kwao. Mimi ndiye niliyebaki kuongea na wenyeji. Si nilisema lugha niachiwe?

Mama mwenye nyumba akahema, akasema, "Mzee, huku hatuna amani. Kuku yetu ni mgonjwa."

Nayaandika kama nilivyoyasikia. Ile herufi ya katikati ilitoka kooni kwa kukwaruza kidogo, nikadhani mama ana mafua. Na "kuku yetu" badala ya "kuku wetu" sikushangaa, Kiswahili cha mpakani ndivyo kilivyo, ukianza kusahihisha watu mezani hualikwi tena.

Halafu mjue kitu kimoja: mimi kuku nawajua. Mama yangu amenisomesha kwa mayai. Kabla sijajua kufunga tai nilikuwa najua kumshika kuku mabawa, kumgeuza, kumwangalia macho, na kumpa chanjo ya mdondo. Tangu nifike Uganda sijawahi kuulizwa kitu ninachokijua. Nikaweka kijiko chini. Nikakunja mikono ya shati.

"Ana siku ngapi?"

"Ya tatu hii. Hali kitu. Amejikunyata tu, macho amefunga, anatetemeka."

"Anaharisha?"

"Kidogo."

"Rangi gani? Kijani?"

Mama akamwangalia mumewe. Mumewe akaangalia meza. "Hatukuangalia rangi," akasema polepole.

"Muwe mnaangalia," nikamwambia, kwa upole wa kitaalamu. "Na shingo? Imepinda?"

"Eee, shingo! Shingo inamsumbua sana. Ameigeuzia upande mmoja tu."

Wafugaji mlio hapa mtanitetea. Kutokula, kuzubaa, kuharisha, shingo kupinda. Mngesema nini? Kiswahili chenyewe nacho kilishirikiana nao kunimaliza, maana kuku anaumwa, mtu anaumwa, wote ni a-, hakuna hata kiambishi kimoja kilichonionea huruma.

"Ni mkubwa?"

"Ni mzee sana."

"Bado anataga?"

"Hataki. Hataki kitu chochote."

Basi nikaandika kichwani: hatagi. (Mwenza amenieleza baadaye kwamba huku g na k ni majirani wanaoazimana chumvi. Baadaye.)

"Yuko wapi, bandani?"

"Hapana, ndani. Tunalala naye humu, na watoto."

Nikatikisa kichwa. "Hapo ndipo mnapokosea, mama. Huyo alitakiwa atengwe tangu siku ya kwanza. Atawamaliza wenzake."

Hapa ndipo mwenza aliponikanyaga mguu mara ya kwanza. Nikadhani ananipongeza.

Baba mwenye nyumba alikuwa na kikombe mkononi, nusu ya safari kuelekea mdomoni. Mtoto mdogo aliyekuwa anachezea mkia wa tai yangu akaiachia. Mama akanisogelea, akashusha sauti, na macho yake, Mungu anisamehe, yalikuwa na machozi. Akasema, "Mzee, sisi tulifikiri leo mumwekee mikono. Mumpake yale mafuta yenu."

Naomba msimame nami hapa kidogo, kabla sijajibu. Kwa Wagisu wa huku na Wabukusu wa ng'ambo ya mto, neno ni *kukhu*. Lina h. Maana yake ni bibi, mama wa mama au mama wa baba. Mwenza analijua tangu anazaliwa. Huyo kukhu wa nyumba hii alikuwa mama mzazi wa yule baba mwenye kikombe. Na alikuwa amelala nyuma ya pazia la kanga, hatua moja na nusu kutoka kwenye kisogo changu.

Tuendelee.

Sisi wazee hutembea na kichupa kidogo cha mafuta ya mzeituni yaliyowekwa wakfu, changu kiko kwenye mnyororo wa funguo. Mgonjwa akihitaji, tunampaka tone utosini na kumwekea mikono. Nikakishika kile kichupa mfukoni. Nikamtazama yule mama kwa huruma zote nilizojaliwa, nikatafuta maneno ya kumkatalia bila kumvunja moyo, maana imani yake niliiona ni kubwa, imezidi hata mipaka. Nikamwambia, taratibu, neno moja moja:

"Mama. Mafuta haya. Ni ya watu."

Mguu wangu ukakanyagwa mara ya pili, kwa kisigino.

Kimya. Nyinyi mmewahi kusikia taa ya sola ikiunguruma? Mimi nimeisikia. Mtu mwenye akili angenyamaza. Ila mimi nikaona kimya kile ni cha watu waliokata tamaa, nikaona niwape njia. Nikamgeukia baba, mwanamume kwa mwanamume.

"Baba, tusidanganyane. Ni mzee, hali, na hatagi. Mnamlisha wa nini? Mchinjeni leo leo kabla hajafa mwenyewe, mpate hata supu."

Kikombe kikatua mezani bila kunywewa.

Nami, ndugu zangu, nikaongeza: "Ila matumbo mfukie mbali, mbwa wasifukue. Na watakaobaki wapeni chanjo. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu." Na nikaonyesha. Nikamshika kidevu yule mtoto mdogo, nikainua uso wake, nikamwonyesha mama yake namna tone linavyodondoshwa.

Mtoto akaangua kilio. "Anataka kuchinja kukhu!"

Mwenza wangu, ambaye mpaka sasa alikuwa na malewa mdomoni, alijaribu kucheka, kumeza na kuomba radhi kwa pamoja. Hakuna alichofanikiwa. Karanga zilifika hadi kwenye Kitabu cha Mormoni.

Na ndipo sauti ikatoka nyuma ya kisogo changu. Nyembamba, imekauka, Kiswahili safi kuliko changu. Kumbe bibi aliuza ndizi soko la Lwakhakha miaka na miaka.

"Mwambieni huyo kijana," ikasema, "nyama yangu ni ngumu. Itamaliza kuni."

Sijui niligeuka kwa muda gani. Najua niliona vidole kwanza, vimeshika ukingo wa pazia, vyembamba, vyenye pete moja ya shaba. Kisha jicho moja. Shingo ilikuwa kweli imegeukia upande mmoja, upande wangu. Lile jicho likanipima kuanzia tai mpaka viatu vyenye tope, bila haraka, likarudi juu, likasimama kwenye beji yangu. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, na ninachotamani mwenza angekifuta kwenye ile sauti yake. Nikasema, "Shikamoo, kuku."

Bila h.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyaeleza yote. Nilipiga magoti. Baba alicheka mpaka akatoka nje. Mama alijifunika kitenge usoni, sikujua analia au nini, nilipojua nilijisikia vibaya zaidi. Tulimpaka kukhu mafuta, mikono yangu ikimtetemekea utosini kuliko yeye alivyokuwa anatetemeka, na katikati ya sala nilimsikia akiguna, "Polepole, usinipinde shingo." Ijumaa asubuhi walimpakiza bodaboda wakampeleka kituo cha afya, akapimwa, malaria, akapewa dawa. Jumamosi alikuwa ameketi uani akichambua maharage na kusimulia wapita njia.

Jumapili ilikuwa zamu yangu kujitambulisha kanisani kama mmisionari mgeni. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, mtoto mmoja nyuma akafanya "ko ko ko", na tawi zima likashindwa kujizuia, hadi aliyekuwa ameshika mkate wa sakramenti. Baada ya ibada mzee mmoja alinishika bega akaniuliza kwa upole, kwa kuwa napenda sana habari za visu, je, nimeshatahiriwa? Maana hii ni Bugisu, imbalu, yaani tohara ya kimila, iko kila mwaka wa shufwa, na ngoma za kadodi hazichagui mtu wa kanisa gani. Nimemjibu kwamba hilo lilishafanyika, Dar es Salaam, hospitalini. Akasema "Hospitalini" kwa namna ambayo nayo imeshaingia kwenye kundi letu.

Leo asubuhi yule mtoto mdogo amekuja mlangoni kwetu. Alisimama mbali kidogo, hataki nimkaribie kidevu. Alikuwa na kuku jike mwekundu, kafungwa mguu kwa utepe wa kitenge, na ujumbe aliouleta kichwani bila kupoteza neno: "Kukhu amesema, wa kuchinja ni huyu."

Mwenza ameshaweka maji jikoni. Nimemwambia ayaepue. Nimemgeuza huyu kuku, nimemwangalia macho, shingo iko sawa, choo ni kizuri. Na tulipokuwa bado tunabishana, ametaga.