Dhamana ya gari la kukodi: umezuiwa au umelipa?

Ukikodi gari Tanga, liwe la kwenda Lushoto siku mbili au la shughuli za harusi kati ya Raskazone na Muheza, utaambiwa uache dhamana. Neno ni moja, lakini nyuma yake kuna mambo matatu: pesa kuzuiwa kwenye kadi, pesa kulipwa kabisa kwa kadi, na pesa taslimu au ya simu kukabidhiwa mtu. Kila moja lina njia yake ya kurudi. Ugomvi mwingi wa siku ya kurudisha gari unazaliwa hapo. Mteja anadhani amezuiwa tu kumbe amelipa. Au mwenye gari anaapa hakuchukua hata senti, na anasema kweli, ila benki ya mteja bado imezifungia.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye gari ana wajibu wa kumwambia mteja, kwa maandishi na kabla kadi haijaguswa, dhamana ni ya aina gani na itaachiwa lini. Asipotaja tarehe, anakuwa amekopeshwa na mtu asiyejua kwamba anakopesha.

Tuanze na kuzuia. Mashine inaiuliza benki yako kama una, tuseme, shilingi 500,000. Benki inajibu ndiyo na kuzitenga. Pesa haijatoka kwako wala haijaingia kwa mwenye gari, ila salio unaloweza kutumia limepungua. Mwenye kadi ya mkopo anapungukiwa kikomo cha kukopa tu. Mwenye kadi ya kawaida ya benki, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, anakuwa amefungiwa mshahara wenyewe, na akifika Mombo akataka mafuta kadi inaweza kukataa.

Zuio huondoka kwa njia mbili. Ama mwenye gari analifuta kwenye mashine na ujumbe unaifikia benki yako, ama linaisha lenyewe muda ukifika. Kwa kadi za Visa na Mastercard, zuio la gari la kukodi linaweza kukaa hata siku 30. Tofauti ya njia hizo mbili ni dakika moja ya kubonyeza, na mwenye gari asiyeibonyeza hana kisingizio. Jambo jingine linalowachanganya watu: zuio likiachiwa, hakuna muamala wa "pesa imeingia". Salio linarudi kimya kimya. Ukipekua taarifa ya akaunti kutafuta marejesho hutayaona, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimetoka.

Sasa kulipa. Si kila mashine ya kadi ina huduma ya kuzuia. Benki ndiyo inayoiwasha, na biashara ndogo mara nyingi inakuwa na mauzo tu. Kijana wa mezani anakwambia "dada, tunazuia tu", huku kidole kimebonyeza mauzo. Usibishane naye, soma risiti. Ikiandikwa PRE-AUTH, umezuiwa. Ikiandikwa SALE, umelipa, na pesa hiyo inakwenda kwenye akaunti ya mwenye gari kama mauzo mengine yoyote. Kosa hilo likigundulika siku hiyohiyo, kabla mashine haijafunga hesabu ya siku, muamala unaweza kufutwa na mambo yakaisha. Mashine ikishafunga, kinachobaki ni marejesho, na marejesho ni muamala mpya kabisa: mwenye gari aanzishe, benki yake ipokee, upite kwenye mtandao wa kadi, benki yako iuingize. Siku 5 hadi 10 za kazi ni kawaida hapo, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi.

Ucheleweshaji mwingine hausababishwi na benki. Mwenye gari mwenye Noah mbili alishatumia ile pesa kununua matairi, na marejesho yanatoka kwenye akaunti yake, kwa hiyo anasubiri mteja mwingine aje na dhamana yake. Ndipo unaposikia "shekhe, pesa yako ipo, tuvumiliane kidogo". Biashara inayozungusha dhamana za wateja namna hii inafanya vibaya hata kama mwisho wa siku inalipa.

Kuna kosa la tatu ambalo linauma zaidi kwa sababu halionekani. Tuseme akauntini una 1,000,000, umezuiwa 500,000, na kodi ya siku tatu ni 360,000. Njia sahihi ni mwenye gari kukamilisha malipo juu ya zuio lilelile: achukue 360,000, na 140,000 zinazobaki ziachiwe. Unabaki na 640,000. Wengi wanapitisha kadi upya kwa 360,000 na kulisahau zuio la kwanza. Unaondoka ukiwa na 140,000 za kutumia, na umefungiwa nusu milioni kwa deni ambalo umeshalilipa. Kwa hiyo siku ya kurudisha gari, sema neno moja: "Kamilisha juu ya zuio la mwanzo." Kama ameshapitisha upya, usitoke hapo bila risiti ya kufuta zuio.

Kuhusu dola nitasema kwa ufupi. Ukilipa dhamana kwa dola kutoka akaunti ya shilingi, benki inabadilisha kwa bei moja siku ya kutoka na kwa bei nyingine siku ya kurudi, kwa hiyo mara nyingi dola zilezile zinarudi na shilingi pungufu. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kuweka bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Dai shilingi.

Hata hivyo magari mengi ya kukodi Tanga na Bagamoyo hayaguswi na mashine yoyote. Ni gari la mtu, linalopatikana kupitia dalali, na dhamana inatumwa kwa simu. Hapa kosa kubwa ni pesa kupita kwa dalali. Dalali akishatoa chake, mwenye gari anasema hakupokea dhamana, anajua kodi tu. Tuma kwa Lipa Namba ya biashara au kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lilelile lililo kwenye kadi ya gari, na uisome hiyo kadi kabla. Kodi na dhamana zitumwe mara mbili, kila moja na ujumbe wake, zisichanganywe kwenye kiasi kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari lako ni ujumbe wa muamala. Mkubaliane pia nani anabeba makato ya kurudisha. Nadhani ni haki abebe mwenye gari, kwani dhamana aliitaka yeye. Kuacha kitambulisho cha NIDA au pasipoti badala ya pesa nakupinga kabisa. Toa nakala. Kitambulisho chenyewe kikishikiliwa, huna nguvu ya kukataa mkwaruzo ambao si wako.

Na mkwaruzo ndiyo sababu ya kawaida ya kukatwa. Piga picha kabla ya kuondoka, mchana, mwenye gari akiwa amesimama hapo: pande nne, kona zote za bampa na sehemu yake ya chini, kioo cha mbele, rimu na ubavu wa kila tairi, tairi la spea, jeki na spana yake, kilomita na mshale wa mafuta kwenye dashibodi. Kisha mtumie picha hizo kwa WhatsApp palepale ili tarehe na saa zibaki kwenye simu zote mbili. Matairi, vioo na uvungu wa gari mara nyingi havimo hata kwenye bima kubwa, na ndivyo vinavyoumia huku kwetu: kokoto zinazorushwa na malori, udongo mweusi wa Saadani wakati wa masika, mawe ya njia za kushukia ufukweni. Uliza mkatabani kiasi unachobeba wewe kabla bima haijaanza kulipa. Dhamana ikizidi kiasi hicho, muulize mwenye gari ziada ni ya nini.

Wengine wanashikilia dhamana wiki mbili "wakisubiri faini". Sikubaliani nao. Deni la gari linaangaliwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi, kwa simu, kwa dakika chache. Mliangalie pamoja siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Kama tochi ya polisi ya kupima mwendo imekunasa Segera, faini ni 30,000. Akate hiyo, akupe namba ya malipo, arudishe iliyobaki. Dubai mambo ni tofauti. Kampuni za huko kwa kawaida hushikilia dhamana wiki kadhaa zikingoja faini za kamera na tozo za barabara ziitwazo Salik, nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na hayo yapo mkatabani. Ukienda, usipeleke kadi ambayo pesa zake unazihitaji mwezi huo.

Pesa ikichelewa, usiulize "lini?" Uliza namba. Marejesho ya kadi yaliyotumwa kweli yana namba ya kumbukumbu ya tarakimu 23, ambayo benki ya mwenye gari inaijua kama ARN. Ukiipeleka kwenye benki yako, wanaweza kuitafuta pesa ilipo. Mwenye gari asipoweza kuitoa, huenda marejesho hayajaanzishwa. Kwa zuio, mwombe risiti ya kufuta pamoja na ile namba ya idhini ya herufi au tarakimu 6 iliyo kwenye risiti ya kwanza. Akikaa kimya wiki mbili, fungua pingamizi la muamala kwenye benki yako ukiwa na mkataba, risiti na picha. Dirisha la pingamizi kwa kawaida ni siku 120, kwa hiyo usiendelee kupigiwa kalenda hadi lifungwe. Benki yako ikikuzungusha, lalamika kwake kwa maandishi kwanza, kisha peleka Benki Kuu. Kwa pesa ya simu au taslimu hakuna pingamizi la kadi. Kuna mkataba, ujumbe wa muamala na Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya namna hii kwa Kiswahili.