Mikataba na Washington na Beijing: Bunge lisome kabla ya sahihi

Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya rasmi kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo. Aprili 2025 Rais William Ruto alikuwa Beijing akiimarisha uhusiano na China, na ilipofika Agosti, Seneta Jim Risch, mwenyekiti wa Kamati ya Mahusiano ya Nje ya Seneti ya Marekani, alikuwa akitaka hadhi hiyo ichunguzwe upya kwa sababu ya ukaribu wetu na China, Urusi na Iran. Sina kinyongo na seneta huyo. Anayalinda maslahi ya nchi yake. Linaloniuma ni kwamba hapa kwetu swali kama hilo huulizwa baada ya wino kukauka.

Sisi wa Nakuru na Kisumu tunaiona athari yake kwa macho. Reli ya kisasa ya SGR, iliyojengwa kwa mikopo ya China, ilifika Suswa, jirani na Naivasha, Oktoba 2019 ikakomea hapo, kwa kuwa safari ya Rais Uhuru Kenyatta mjini Beijing Aprili mwaka huo haikuleta fedha za kuifikisha Kisumu. Mikopo ya awamu ya kwanza ilitiwa sahihi mwaka 2014, lakini wananchi walionyeshwa sehemu za mikataba hiyo Novemba 2022, na ndipo ikasomeka wazi kwamba mizozo ingesuluhishwa Beijing na kwamba masharti yenyewe yalipaswa kuwa siri.

Upande wa Marekani hauna rekodi safi zaidi. Desemba 2025 Kenya ilitia sahihi mkataba wa afya wa miaka mitano, ambapo Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu inayohusu kutoa data za wagonjwa. Kwa wakazi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, ambako maambukizi ya virusi vya UKIMWI ni miongoni mwa ya juu zaidi nchini, data hizo ni faili za mama, kaka na jirani. Jambo zito kiasi hicho lilipaswa kufika kwa wabunge kabla ya kufika kwa majaji.

Serikali ina hoja, na haifai kupuuzwa. Anayejadiliana na mataifa mawili yanayoshindana hupata nafuu pale ambapo hakuna kati yao anayejua mwenzake ametoa nini. Kwa mfano, barabara ya kulipia ya Rironi hadi Mau Summit ilipewa kampuni za Ufaransa mwaka 2020, gharama ikaonekana kubwa, mkataba ukavunjwa, na kazi ikaenda kwa kampuni za China pamoja na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Isitoshe, kliniki zilizoyumba baada ya misaada ya Marekani kukatwa mapema mwaka 2025 zisingeweza kungoja mjadala wa miezi kadhaa, na wabunge wetu, tuseme ukweli, mara nyingi hupiga kura kwa kumtazama kiongozi wa chama.

Hata hivyo, hoja hiyo inatetea usiri wa majadiliano tu. Haitetei usiri wa masharti yaliyokwisha kukubaliwa. Sheria ya mikataba ya mwaka 2012 inataka mikataba ya kimataifa ipite Bungeni, lakini inaacha nje makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za serikali au masuala ya kiufundi na ya kiutawala, na kwa maoni yangu mlango huo ni mpana mno. Kifungu cha 240 cha Katiba kinataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi ya kigeni kuwekwa nchini. Sioni kwa nini faili za wagonjwa, au akiba ya uzeeni ya wafanyakazi iliyowekezwa katika barabara ya kulipia, zipewe ulinzi mdogo kuliko huo.

Hilo halihitaji Katiba mpya. Rasimu ya mwisho ipelekwe kwa kamati husika ya Bunge la Kitaifa katika kikao cha faragha kabla ya sahihi, kamati ipewe muda mfupi uliowekwa na sheria, kisha maandishi yote yachapishwe siku ya kutiwa sahihi, pamoja na kifungu kinachotaja mahali ambapo mizozo itaamuliwa. Utaratibu huo uwe mmoja, mgeni awe ametoka Washington au Beijing.