Kabati Linakula Vizuri Kuliko Mimi

Jamani, mimi nina ugomvi na kabati.

Kabati lenyewe ni la vyombo, la mninga, nililichongesha Keko mwaka 2009. Miezi mitano fundi ananiambia "kesho bosi", mpaka baadhi ya vyombo vilivyokuwa viingie humo vikavunjika vikisubiri. Lilipofika nikawa nalifuta kwa tambara la mafuta ya taa, kama alivyofanya baba, kama alivyofanya babu. Linang'aa, na wageni wanaumwa kichwa wanaondoka mapema. Nani alikuwa na shida?

Sasa Mama Zuhura kaamua nyumba iwe rafiki wa mazingira. Mafuta ya taa marufuku. Dawa ya kopo ya kupulizia marufuku, eti mtoto anakohoa. Ni kweli anakohoa, lakini huyo anakohoa hata akiambiwa akaoge.

Jumamosi narudi kazini nakuta mezani ndimu, siki na mafuta ya zeituni. Moyo ukaruka. Nikajua leo samaki! Nikanawa mikono, nikakaa. Mama Zuhura akaja, akachanganya vyote kwenye bakuli, akachovya fulana yangu ya uchaguzi, ile ya kulalia, akanipita akaenda kulilisha kabati.

Chupa hiyohiyo, mimi nikiomba tone kwenye kachumbari, naambiwa "hayo ya dawa, baba". Kabati linapakwa mgongo mzima! Mgongo wangu umekakamaa tangu Idi, hajauliza mtu.

Halafu nikapewa mswaki mkuukuu nitoe vumbi kwenye maua ya kuchonga. Maua kumi na mawili, kila ua na majani yake manne, na kila jani lina mfereji wake. Mtaa wetu hauna lami. Bodaboda mmoja akipita, unaanza na ua la kwanza. Na huku nyuma nasikia, "Taratibu, fuata nyuzi za ubao, usilikwaruze." Miaka kumi na saba ya ndoa, sijawahi kuambiwa "taratibu" kwa sauti laini namna ile.

Siku ya tatu kabati likaanza kunata. Vumbi likatua juu yake na halitoki, kama mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita. Ukifungua mlango, harufu ya kachumbari ya juzi.

Nikamwita mzee mmoja seremala. Akapitisha kidole, akanusa, akanitazama kama nimelimwagia mchuzi.

"Bwana, hili lina vanishi. Mafuta hayaingii kwenye mti, yanabaki juu yanakamata vumbi, mwisho yanachacha. Na siki ukiizidisha inakula mng'ao. Chukua maji ya vuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Kitambaa ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Pangusa, na kitambaa kikavu kifuate hapohapo nyuma yake, maji yasilale."

"Na mafuta ya zeituni, mzee?" Nikauliza kwa sauti kubwa, jikoni wasikie.

"Hapa hayana kazi."

Nilitaka kumbusu. Naona zeituni inarudi nyumbani, naona kachumbari inameremeta. Mzee naye, badala ya kuchukua hela yake aende, akageuka mlangoni:

"Mafuta ni ya mti mtupu, usio na vanishi. Miko, kinu, vitu kama hivyo."

"Asante sana, mzee wangu," Mama Zuhura akaitikia kwa adabu zote.

Jioni narudi, nakuta miko sita, kibao cha chapati, mbuzi ya nazi, kinu na mchi wake, vimeegemezwa ukutani vinang'aa kama maharusi waliotoka kusingwa. Chupa iko kichwa chini kwenye beseni, imeoshwa, inakaushwa.

Mezani kuna kachumbari. Kavu.