Diski ya plastiki ya ghorofa mia, na deki ya kuisomea

Jamaa yangu wa Nyakato, hapa Mwanza, ana DVD ya harusi yake ya mwaka 2007. Haina hata mkwaruzo. Tulizunguka nayo mtaa wa Makoroboi nusu siku tukitafuta pa kuichezea, maana laptopu za siku hizi hazina hata tundu lake. Naikumbuka kila ninaposoma sifa za diski mpya zinazoandikwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka.

Sifa zenyewe si za kupuuza. DVD ya kawaida yenye tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Mwaka 1989, watafiti Parthenopoulos na Rentzepis walionyesha huko Marekani kwamba unaweza kuandika ndani kabisa ya bonge la plastiki. Molekuli zilizochanganywa kwenye polima (plastiki yenyewe) hubadilika zikimeza fotoni, yaani chembe za mwanga, mbili kwa mpigo, na hilo hutokea pale tu mwanga wa leza unapokolea. Tabaka za juu na za chini hubaki salama. Basi unapandisha ghorofa juu ya ghorofa. Mwaka 2024 watafiti wa China walitangaza diski ya tabaka 100 yenye petabiti 1.6, yaani terabaiti 200 (gigabaiti 200,000): DVD zaidi ya 42,000 kwenye sahani moja!

Kwa mji kama Mwanza hilo linavutia. Hospitali ya Bugando wana picha za wagonjwa, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana takwimu za samaki wa ziwa, na diski ikishaandikwa hailii umeme. Ikatike Luku, irudi, yenyewe imelala kabatini.

Lakini polima hizi zina ukaidi wake. Molekuli za majaribio ya mwanzo zilikuwa zikirudia hali yake ya awali zenyewe katika joto la kawaida tu (sisemi la Mwanza mwezi wa Septemba). Polima nyingine husinyaa zikipigwa mwanga, na data ikapinda. Tena InPhase, kampuni iliyotokana na Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 2000, iliahidi diski ya gigabaiti 300 ya polima inayoandikwa kwa mwanga, ikafungwa bila diski hiyo kuenea.

Hapo ndipo ninaposita. Plastiki inaweza kudumu, lakini mwenye deki je? Ningekuwa natunza ngoma za Wasukuma zilizorekodiwa pale makumbusho ya Bujora, Kisesa, nisingesubiri: ningenunua hard disk mbili za kawaida leo, moja ikae Kisesa, nyingine mjini, na kila baada ya miaka michache nihamishe.

Harusi ya jamaa iliokolewa na fundi redio mwenye deki kuukuu. Alitutoza elfu tano, akaihamishia kwenye fleshi.