Mreno na Mwingereza waliweza kugawana ziwa 1954, sisi na Malawi tunashindwa nini?

Juzi kwenye grupu letu la wasapu la watu wa Nyasa kijana mmoja katupia ramani ya Ziwa Nyasa, zile ambazo ukianzia Kyela ukashuka Ludewa mpaka Mbamba Bay mstari wa mpaka umelala juu ya mchanga kabisa na maji yote yapo Malawi. Ramani za hivyo zipo nyingi, sikushtuka. Kilichoniuma ni komenti zilizofuata. Jeshi letu linamaliza kazi kabla ya saa sita mchana. Tuwafungie bandari ya Dar tuone watakula nini. Na walioandika hayo wengi ni watoto wa mwambao huohuo, wana shangazi Likoma, wana binamu Nkhata Bay, wamelelewa kwa hela ya dagaa waliouzwa ng'ambo na leo wanaombea vita ambayo ikianza itaanza na ndugu zao. Nikaandika jibu, nikafuta, nikaandika tena likawa refu, basi nikasema liwe posti.

Niseme msimamo wangu mapema tusizungushane. Mimi ni Mtanzania na naamini mpaka wa ziwa lile ni katikati ya maji, sio ufukweni. Lakini hasira yangu haiendi Lilongwe peke yake, inaenda Dodoma pia, kwa sababu mazungumzo haya yameachwa yalale na kila mtu anajifanya kulala kwake ndio amani.

Historia mnaijua. Tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza na Mjerumani waligawana nchi zetu, na kwenye ziwa wakaandika mpaka ufuate ufukwe wa mashariki, yaani upande wetu. Malawi wameshika hapo mpaka leo. Mwaka 1967 serikali ya Mwalimu ikawaandikia Malawi kwamba mpaka unaotambulika ni wa katikati, rais wao Kamuzu Banda akakataa, na mwaka uliofuata akasimama kudai hata ardhi ya huku ndani. Kipindi kile kulikuwa na ugomvi mwingine juu yake, sisi tunawahifadhi FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na wapinzani wa Banda, yeye ana urafiki na Mreno na makaburu, hata kama kusingekuwa na ziwa wale wasingeelewana. Baadaye kukatulia. Kikaja kipindi cha mafuta: 2011 serikali ya Bingu wa Mutharika ikatoa leseni ya utafiti kwa kampuni ya Surestream, na 2012 nchi zikakaribia kuvunjiana heshima kabisa, Membe, waziri wetu wa mambo ya nje, anaongea huku, Rais Joyce Banda anaongea kule, Lowassa wa kamati ya bunge ya ulinzi yeye anasema jeshi liko tayari. Wakakutana Mzuzu mwezi wa 8, haikuzaa kitu. Mwisho wa mwaka wakakubaliana kupeleka suala kwa jopo la marais wastaafu likiongozwa na Joaquim Chissano, akiwa na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Malawi wakalalamika nyaraka zao zimevuja, wakajitoa, wakarudi, wakakutana tena Maputo 2014, halafu kimya.

Kimya hicho ndicho kinachonikera. Maana kila viongozi wakitembeleana tunaambiwa sisi ni ndugu na majirani wa damu, na mimi nakubali ni ndugu wa damu, Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanasikilizana lugha bila mkalimani, Liuli kwetu wazee walikuwa Waanglikana ambao askofu wao alikaa Likoma, na meli ya misheni, Chauncy Maples, ilikuwa inazunguka pande zote za ziwa ikibeba shule na dawa bila kumuuliza mtu ametoka mwambao gani. Sasa kama ni ndugu kweli, ndugu wanakaa chini wanamaliza.

Halafu hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili silisikii likisemwa kwa nguvu hata na wasomi wetu.

Mstari wa ufukweni haukuwa kwetu tu. Msumbiji pia walikuwa nao. Mkataba wa Mwingereza na Mreno wa 1891 uliweka mpaka kwenye ufukwe wa mashariki vilevile, Mreno hana hata tone la maji, anatazama tu. Wakakaa hivyo zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1954, Novemba, Mwingereza na Mreno wakakaa mezani wakauhamisha mstari ukaenda katikati ya ziwa. Visiwa vya Likoma na Chizumulu, ambavyo viko karibu zaidi na Msumbiji, vikabaki vya Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, pamoja na maji ya kuvizunguka, kwa sababu watu wa pale walishakuwa na maisha yao na kanisa lao na utawala wao, ikaonekana si watu wa kuchomolewa. Hayo ndiyo makubaliano ambayo Malawi wanayaishi mpaka leo na hawajawahi kufa kwa kugawana maji na Msumbiji, wamebaki na Likoma yao.

Nisome tena taratibu. Wakoloni wawili, watu ambao hawakuwa wanakula samaki wa ziwa lile, waliokuwa wanatupiga na kututoza kodi ya kichwa, waliweza kuona kwamba mpaka wa mchangani hauwezekani kwa binadamu wanaoishi pale, wakaurekebisha kwa kalamu. Sisi tuliowafukuza hao wakoloni, tuliosimama pamoja kwenye OAU na SADC, nchi zenye bendera na mabunge na maprofesa, tumeng'ang'ania mstari ambao wao wenyewe walikiri upande mmoja wa ziwa hilohilo kwamba haufai. Mimi hili linanitia uchungu sana. Mvuvi wa Cobué, upande wa Msumbiji, akitupa wavu yuko kwake. Panda kaskazini kidogo tu mpaka Mbamba Bay, maji yaleyale, samaki walewale, pengine hata ukoo uleule, huyu wa Mbamba Bay kwa hesabu za Malawi akilowesha kifundo cha mguu ameshaingia nchi ya watu.

Na msuluhishi wetu ametoka nchi gani? Msumbiji! Chissano nchi yake ndiyo iliyorithi mpaka uliorekebishwa. Hakuna mtu Afrika nzima angeelezea jambo hili vizuri kuliko yeye, na bado tumeacha jopo lake likapoa.

Wenzetu wa Malawi wakisoma hapa watasema Cairo 1964, na ni kweli, sitakwepa. Azimio la OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, la kuheshimu mipaka tuliyoikuta wakati wa uhuru lilisukumwa na Mwalimu mwenyewe. Tena kuna linalouma zaidi, miaka ya mwanzo ya sitini viongozi wetu walishasema bungeni kwamba kwa mkataba ule maji ya ziwa si yetu. Yapo kwenye kumbukumbu, hatuwezi kuyafuta, na mtu yeyote atakayetutetea lazima ajiandae kuulizwa hayo siku ya kwanza. Pia naelewa hofu yao, nchi ndogo, haina bahari, ziwa ndiyo fahari na chakula chao, ukiwaambia wakatoe kipande wanaona wanakatwa mkono.

Lakini Cairo inakataza jirani kumpora jirani. Haikatazi majirani wawili kukaa wakakubaliana. Na mkataba wenyewe wa 1890 wanaoushika kwa mikono miwili una kifungu cha 6 kinachosema mistari ile inaweza kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali husika. Mahitaji ya mahali! Yaani hata wale walioketi Ulaya na rula walijua kwamba kuna siku watu wa pale watahitaji mpaka usogee. Kurekebisha sio kuvunja urithi, urithi wenyewe umeacha mlango wazi.

Alafu jamani ufukwe wenyewe haukai mahali pamoja. Maji ya Nyasa yanapanda na kushuka, kuna kipindi karne iliyopita yalishuka mpaka mto Shire ukaacha kutoka kabisa kwa miaka, na kuna kipindi yalipanda yakala mashamba na nyumba. Kwa mpaka wa mchangani, mama anayeishi Matema akifurikiwa mwaka huu nyumba yake imehamia nchi nyingine, mwakani maji yakirudi naye amerudishwa Tanzania. Mto Ruhuhu, ambao ni kati ya mito inayoingiza maji mengi kuliko yote ziwani, unatoka milima yetu, Kiwira unatoka kwetu, tukiharibu misitu ya Livingstone tope linaenda kwa wote, ila maji yakishavuka mdomo wa mto tunaambiwa si ya kwetu. Hata Mjerumani mwenyewe aliyesaini ule mkataba alikuwa na meli yake ya vita, Hermann von Wissmann, bandari yake pale Liuli, ndiyo ile Waingereza waliishambulia Agosti 1914 ikiwa ufukweni inatengenezwa. Wazee wa Liuli wanaijua hadithi hiyo kuliko walimu. Meli haikujengwa ikae mchangani.

Wale wa kusema twende tu The Hague, kwenye mahakama ya kimataifa, kwanza mahakama ile inataka wote wawili tukubali kwenda. Pili angalieni Kenya na Somalia, kesi ilifunguliwa 2014, hukumu imetoka Oktoba 2021, Kenya ilishajitoa na ikasema haiitambui, mpaka leo karatasi ipo na kinyongo kipo. Nigeria na Cameroon hukumu ya rasi ya Bakassi waliyokuwa wanaigombania ilitoka 2002, ila Nigeria ilikabidhi eneo lile 2008 baada ya kukaa tena mezani wakasaini makubaliano ya Greentree 2006. Kwa hiyo hata ukishinda unarudi kwenye kuongea. Bora kuanza na kuongea.

Na wale wa bandari, mnakumbuka Aprili 2025? Malawi walikuwa wamezuia unga na mchele na bidhaa zetu nyingine, sisi tukajibu kwa kuzuia mazao yao, na haikufika hata wiki mbili simu zimepigwa, mawaziri wamezungumza, katazo letu likaondolewa. Walioumia walikuwa wafanyabiashara na madereva wa malori, wana sauti, walisikilizwa haraka na ni haki yao. Swali langu ni kwa nini mvuvi wa Lupingu hasikilizwi kwa kasi hiyo. Yeye hana chama cha kwenda kwa waziri.

Mjomba wangu amevua ziwa lile maisha yake yote. Ukimuuliza mpaka uko wapi anakwambia yeye anachoogopa ni mwera, ule upepo wa kusini ukikukuta katikati na injini ndogo unaomba Mungu tu, na ukikusukuma upande wa pili unafikia kwa watu, wanakupa ugali, unakausha nguo, asubuhi unarudi. Ndivyo walivyoishi. Sasa hivi anasema vijana wanaosukumwa ng'ambo wanaogopa zaidi watakachoulizwa nchi kavu kuliko mawimbi, na Wamalawi wanaokuja kwetu wanaogopa vivyohivyo. Wavuvi wa dagaa hawana ramani mtumbwini usiku, wana taa na wanafuata samaki. Miaka yote hii ya vikao vya Mzuzu na Dar na Maputo, mimi sijasikia mahali popote kwamba mvuvi mmoja kutoka Manda au Nkhata Bay alikalishwa kwenye kiti akaulizwa.

Ndiyo maana nadhani kosa kubwa la mazungumzo haya ni kulazimisha mstari uje kwanza ndio mengine yafuate. Mstari unaweza kuchukua miaka mingine ishirini, sawa, wanasheria waendelee. Matumizi ya ziwa hayawezi kusubiri. Kwenye mto Songwe nchi hizi mbili tayari zimeunda tume ya pamoja ya kusimamia bonde, mto ambao nao unahamahama ukifurika na kumfanya mtu alale Tanzania aamke Malawi, na pale waliweza kukaa. Kwa hiyo uwezo upo, isitoshe Peter Mutharika amerudi Ikulu Oktoba 2025, huyu ni profesa wa sheria za kimataifa, amewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, na alikuwa rais kuanzia 2014, hakuna wa kumsomesha upya. Rais Samia alikuwa mgeni wao kwenye sherehe za uhuru Julai 2023, uhusiano haujachafuka.

Basi kikao kijacho cha tume ya pamoja ya ushirikiano wasiishie kwenye picha. Wasaini makubaliano ya muda, yaandikwe wazi kwamba hayampunguzii yeyote madai yake ya mpaka: mvuvi mwenye leseni ya upande wowote asikamatwe wala kunyang'anywa nyavu ndani ya eneo lenye mgogoro, aliyesukumwa na dhoruba apokelewe na arudishwe na chombo chake, msimu wa kupumzisha samaki uwe mmoja kwa pande zote maana sasa hivi tunapanga kila mtu kivyake kwenye maji mamoja, na mtu yeyote asichimbe wala kutafuta mafuta humo mpaka mstari upatikane. Hili la mafuta Malawi watakuwa wazito, najua, lakini ziwa lile lina samaki wasiopatikana popote duniani, mafuta yakimwagika kaskazini hayatauliza mkataba wa 1890 ulisemaje. Msumbiji waalikwe nao, ni ziwa lao pia na wana uzoefu wa 1954.

Na wewe uliyetupia ramani kwenye grupu, sikuchukii, una haki ya kukasirika ukiona kwenu pamechorwa nje ya kwenu. Hasira hiyo mpelekee mbunge wako, wa Kyela, wa Ludewa au wa Nyasa, muulize kwa maandishi jopo la Chissano limeishia wapi na serikali inarudi lini mezani. Mimi wa kwangu nimeshamwandikia, nasubiri majibu, na nikiyapata nitayaweka hapahapa kama yalivyo.