Brokateli: sifa zimwendee kitani

Anayeonyeshwa kitambaa kizito cha makochi chenye maua yaliyotuna huuliza kwanza: ni hariri kweli? Kwa brokateli, kitambaa kilichofumwa Italia tangu karne ya 16 kwa ajili ya kuta za majumba na mapambo ya altare, naona swali hilo linakosea mlengwa, kwa sababu hariri ndiyo inayoonekana lakini kazi ngumu hufanywa na kitani.

Maua ya brokateli hayachapwi wala hayadariziwi. Huzaliwa pamoja na kitambaa chenyewe. Mtamboni hutandikwa mitande miwili, yaani nyuzi za urefu, mmoja wa hariri unaotoa ua lenye mng'ao wa atlasi, na mwingine unaofunga sehemu iliyolizunguka ua hilo. Kisha hupitishwa mishindio, yaani nyuzi za upana, ya aina mbili, na mmojawapo ni wa kitani, mnene na mkakamavu. Mshindio huo hupita nyuma ya ua, na kwa kuwa haukubali kubonyea, huisukuma nje hariri iliyotandwa kwa kulegezwa kidogo, mpaka ua likatuna kana kwamba limejazwa pamba, ilhali sehemu inayolizunguka, iliyokazwa barabara, hubaki chini. Damaski, kitambaa kingine cha maua ya kufumwa ambacho wengi hukichanganya na brokateli, hutosheka na mtande mmoja na mshindio mmoja, ndiyo maana hulala bapa.

Kabla ya Joseph Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, kupata hataza ya mtambo wake mwaka 1804, mfumaji wa vitambaa vya maua alihitaji msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta kamba zilizoinua nyuzi za mtande. Jacquard aliihamishia kazi hiyo kwenye kadi zilizotobolewa. Mitambo hiyo ilikuwa mirefu hata nyumba za Croix-Rousse, mtaa wa wafumaji wa Lyon, zikajengwa na dari za takriban mita 4. (Wafumaji wa Lyon waliasi mwaka 1831 kwa sababu ya ujira, hariri haikuwatajirisha wao.)

Siku hizi pamba au nyuzi za viwandani huchukua nafasi ya kitani, nami silalamiki iwapo zina ukakamavu. Mimi hulibonyeza ua kwa kidole gumba, kisha nikageuza kitambaa nione mshindio wa nyuma. Kikipita hapo, kinafaa kiti cha mgongo ulionyooka au ukuta; kukishona pazia la mikunjo mingi ni kukionea.